Vidonda vya nyayo kwa simbilisi: tiba huanzia sakafuni

Mara nyingi ugonjwa huu hugunduliwa Jumamosi, siku ya kusafisha kizimba. Mtoto anamwinua simbilisi wake ili afagie chini, anamgeuza, na hapo ndipo anapoona unyayo umekuwa mwekundu, umevimba na unang'aa. Wiki mbili zilizopita mnyama huyo alikuwa akikimbilia mlangoni kila aliposikia sukuma wiki zikikatwa. Sasa amejikunyata pembeni, na hata akiitwa hasogei.

Kinachofuata katika nyumba nyingi ni safari ya agroveti. Mzazi anaeleza kuwa kuna kidonda, anauziwa dawa ya sindano ileile inayotumiwa kwa ng'ombe na mbuzi, mnyama anadungwa, na baada ya siku chache anakufa. Familia inaamini kuwa kidonda ndicho kilichomuua, ilhali huenda ni dawa.

Makala haya yanaeleza vidonda hivi vinatoka wapi, mkazi anaweza kufanya nini nyumbani, ni dawa zipi za kuepukwa kabisa na ni wakati gani wa kumwita daktari wa mifugo.

Mnyama mwenye nyayo tupu

Simbilisi ni yule mnyama mdogo mnene, asiye na mkia, mwenye masikio mafupi na sauti kama ya filimbi, ambaye watoto wengi humfuga kando ya sungura. Asili yake ni milima ya Andes huko Amerika Kusini, ambako wenyeji wa nchi zinazoitwa leo Peru na Bolivia walianza kumfuga kwa nyama maelfu ya miaka iliyopita. Karibu nasi, katika majimbo ya Kivu mashariki mwa Kongo, familia nyingi humfuga kwa kitoweo. Hapa Kenya, mara nyingi huwa rafiki wa mtoto, na baadhi ya shule humfuga katika vilabu vya 4-K, ambavyo vilizinduliwa upya mwaka 2021.

Miguu yake ya mbele ina vidole vinne kila mmoja, na ya nyuma ina vidole vitatu. Chini ya miguu hiyo hakuna manyoya. Unyayo ni ngozi tupu, laini, inayofanana na kiganja cha mtoto. Simbilisi mzima huwa na uzito wa gramu 700 hadi 1,200, na uzito huo wote hubebwa na vipande vinne vidogo vya ngozi. Ngozi hiyo iliumbwa kukanyaga udongo na nyasi. Haikuumbwa kukaa juu ya waya au saruji mchana na usiku.

Kidonda kinavyoanza

Mnyama anaposimama muda mrefu mahali pagumu, damu haipiti vizuri katika ngozi ya unyayo inayokandamizwa. Ngozi hiyo huwa nyekundu, kisha hukakamaa na hatimaye hupasuka. Kama sakafu ina mkojo na kinyesi, ngozi hulainika kupita kiasi na kupasuka mapema zaidi. Katika nyufa hizo huingia bakteria, na wanaopatikana mara nyingi zaidi ni wale waitwao Staphylococcus aureus. Bakteria hao huishi kwenye ngozi ya wanyama na ya watu bila kuleta madhara, mpaka wapate mlango wa kuingilia.

Ugonjwa hupitia hatua ambazo mfugaji anaweza kuzitambua kwa macho.

Katika hatua ya kwanza, unyayo hupoteza rangi yake ya kawaida na kuwa mwekundu. Ngozi huwa kavu, au huanza kung'aa kama iliyopakwa mafuta. Hakuna jeraha bado. Kwa simbilisi mwenye nyayo nyeusi, wekundu hauonekani. Huyo apimwe kwa kugusa: unyayo unaouma huwa na joto na umevimba kuliko mwenzake.

Katika hatua ya pili, uvimbe huongezeka na ngozi huota sugu au kigaga cheusi, hasa kwenye kisigino cha mguu wa nyuma au katikati ya unyayo wa mbele.

Katika hatua ya tatu, kidonda hufunguka. Matone ya damu huonekana kwenye matandiko, na usaha unaweza kutokea chini ya kigaga.

Hatua ya nne ndiyo mbaya zaidi. Maambukizi hufika kwenye mishipa ya nyama na mifupa ya mguu. Vidole huvimba, mnyama hukataa kutembea, na uchochezi wa muda mrefu unaweza kuharibu figo na ini. Mnyama aliyefika hapa huenda asipone hata akipewa tiba bora.

Wahenga walisema mdharau mwiba mguu huota tende. Simbilisi ni mnyama anayewindwa, kwa hiyo kwa asili yake huficha maumivu ili adui asimwone kuwa dhaifu. Hatachechemea waziwazi wala kulia. Dalili zake ni ndogo: anakaa mahali pamoja, anahamisha uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine, manyoya yanasimama, anachelewa kufika kwenye chakula, na anapiga kelele anapoguswa mguu. Ndiyo maana asiyemgeuza mnyama na kumtazama chini hugundua ugonjwa ukiwa umefika hatua ya tatu.

Chanzo cha kwanza: sakafu

Vizimba vingi katika kaunti vimejengwa kwa ajili ya sungura, na sakafu yake ni wavu wa waya ili kinyesi kianguke chini. Kwa mfugaji, wavu hurahisisha usafi. Kwa simbilisi, kila hatua ni kukanyaga ukingo wa waya kwa ngozi tupu. Tena miguu yake ni midogo, na inaweza kupenya katikati ya nyaya na kuvunjika.

Simbilisi anahitaji sakafu nzima, isiyo na matundu. Mwenye kizimba cha waya halazimiki kujenga kingine. Anaweza kuweka ubao uliolainishwa kwa msasa, kipande cha zulia la plastiki au hata maboksi ya katoni yaliyokunjuliwa, kisha juu yake atandike nyasi kavu laini zenye unene wa sentimita tano au zaidi. Katoni ikilowa itupwe. Nyasi ngumu zenye miiba au mabua makali hazifai kutandikwa, kwa kuwa huchoma unyayo na kufungua mlango wa bakteria. Nyasi za Rhodes zilizokaushwa vizuri zinafaa kutandikwa na kuliwa pia.

Maranda ya mbao yanaweza kutumika ikiwa ni makubwa, makavu na hayana vumbi. Maranda ya mbao zilizopakwa dawa ya mchwa yasitumike kamwe. Vumbi laini la mbao nalo halifai, kwani huingia puani na kugandamana na mkojo chini ya miguu.

Msimu wa mvua huongeza hatari. Kizimba kinachovuja au kinachopigwa na rasharasha upande mmoja hubaki na unyevu siku nzima, na nyasi zilizolowa huoza haraka. Wakati wa masika na vuli, matandiko yaliyolowa yaondolewe kila siku, na matandiko yote yabadilishwe angalau mara mbili kwa wiki. Kipimo ni rahisi: mfugaji abonyeze matandiko kwa kiganja. Mkono ukitoka na unyevu, nyayo za mnyama zimekaa katika unyevu huo usiku kucha.

Nafasi pia ni muhimu. Simbilisi aliyebanwa hukaa, na anayekaa hukandamiza sehemu ileile ya unyayo saa nyingi. Kwa simbilisi wawili, sakafu ya mita moja ya mraba ni kipimo kizuri.

Chanzo cha pili: chakula kisicho na vitamini C

Wanyama wengi hujitengenezea vitamini C mwilini. Mbwa, ng'ombe na sungura hufanya hivyo. Binadamu hawezi, na simbilisi pia hawezi. Ni mwaka 1907 ambapo watafiti wawili wa Norwe, Axel Holst na Theodor Frølich, walionyesha kuwa simbilisi waliolishwa nafaka pekee hupata kiseyeye, ugonjwa uleule uliowaua mabaharia wengi katika safari ndefu. Ugunduzi wao ulisaidia kufungua njia ya kutambuliwa kwa vitamini C.

Upungufu wa vitamini hiyo unahusiana moja kwa moja na nyayo. Mwili huitumia kujenga nyuzi zinazoshikilia ngozi na kuziba majeraha. Bila hiyo ngozi hupasuka kwa urahisi na kidonda hakifungi, hata kikisafishwa kila siku. Viungo huvimba na kuuma, mnyama huacha kutembea, na kukaa huko huzidisha vidonda.

Simbilisi mwenye afya anahitaji takriban miligramu 10 hadi 30 za vitamini C kila siku. Mgonjwa au mwenye mimba anahitaji zaidi. Habari njema ni kwamba kiasi hicho kinapatikana sokoni. Gramu 100 za pilipili hoho ya kijani zina takriban miligramu 80, kwa hiyo robo ya hoho moja ya kadiri inatosha kwa siku. Mapera yana kiasi kikubwa zaidi, ila yana sukari, na kipande kidogo mara mbili au tatu kwa wiki kinatosha. Sukuma wiki, dania na majani mengine mabichi yanasaidia pia, yakioshwa na kubadilishwabadilishwa. Mboga zitolewe mbichi, kwa kuwa kupika huharibu vitamini hiyo. Majani ya viazi, majani ya nyanya, na parachichi pamoja na majani yake ni sumu kwa simbilisi.

Makosa mawili hutokea mara nyingi. La kwanza ni kumlisha simbilisi chakula cha tembe cha sungura, ambacho kwa kawaida hakikuongezwa vitamini C kwa sababu sungura haihitaji. La pili ni kutia vitamini katika maji ya kunywa. Vitamini C huharibika upesi ikiwa majini na kwenye mwanga, na hakuna anayejua mnyama amekunywa kiasi gani. Hata chakula cha tembe kilichotengenezwa kwa ajili ya simbilisi hupoteza sehemu kubwa ya vitamini yake baada ya miezi mitatu hivi, hivyo anayenunua gunia la kukaa mwaka mzima ananunua tembe tupu.

Chanzo cha tatu: uzito na kucha

Simbilisi mnene kupita kiasi hukandamiza nyayo zake zaidi. Chakula chake kikuu kiwe nyasi, mbichi na kavu, zinazopatikana wakati wote. Mahindi, mkate na ugali vimnenepeshe nani? Vinamnenepesha mnyama ambaye hana njia ya kukimbia. Jike mwenye mimba huongezeka uzito sana, na mimba huchukua siku 59 hadi 72, kwa hiyo katika kipindi hicho nyayo zake zikaguliwe mara nyingi zaidi.

Kucha ndefu hujipinda na kumlazimisha mnyama akanyage kwa kisigino. Zikatwe kila mwezi au kila baada ya wiki sita, kwa kikata kucha cha kawaida, ncha tu. Ndani ya ukucha mweupe huonekana mshipa wa damu wa rangi ya waridi, na mkataji aishie mbali nao. Kwa kucha nyeusi, tochi ya simu ikimulikwa kwa nyuma husaidia kuuona.

Kinachoweza kufanywa nyumbani

Simbilisi aliye katika hatua ya kwanza, yaani wekundu bila jeraha, anaweza kutunzwa nyumbani. Mpangilio ni huu.

Kwanza, abadilishiwe sakafu siku hiyohiyo. Hakuna dawa itakayofanya kazi ikiwa mnyama anarudishwa juu ya waya. Nyasi laini ziongezwe, na mahali pa kulala patandikwe kitambaa safi cha pamba au taulo kuukuu lisilo na nyuzi zinazoning'inia, likifuliwa kila siku.

Pili, nyayo zisafishwe. Kijiko kimoja cha chai cha chumvi, kilichosawazishwa, kitiwe katika nusu lita ya maji yaliyochemshwa na kuachwa yapoe hadi kuwa vuguvugu. Mnyama ashikiliwe vizuri, mkono mmoja chini ya kifua na mwingine ukibeba makalio, na miguu iachwe ndani ya maji hayo kwa dakika tano hadi kumi, mara mbili kwa siku. Kisha ikaushwe kabisa kwa kitambaa safi kwa kugusagusa bila kusugua. Unyevu ukibaki katikati ya vidole, kazi yote imeharibika.

Tatu, vitamini C iongezwe. Mgonjwa mwenye uzito wa kilo moja huhitaji takriban miligramu 30 hadi 50 kwa siku. Mbali na mboga, tembe ya vitamini C ya duka la dawa inaweza kugawanywa, kusagwa na kuchanganywa na maji kidogo, kisha kutolewa mdomoni kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Iwe vitamini C peke yake. Tembe za mchanganyiko wa vitamini nyingi zina vitamini A na D, ambazo zikizidi humdhuru mnyama mdogo.

Nne, mnyama apimwe uzito kila baada ya siku mbili, kwa mizani ya jikoni, na tarakimu ziandikwe. Uzito unaoshuka hueleza habari mapema kuliko jicho.

Wekundu ukianza kupungua ndani ya wiki moja, mfugaji aendelee. Usipopungua, au ukizidi, ni wakati wa kumtafuta daktari.

Yako pia mambo yasiyofaa kufanywa. Spiriti, oili chafu ya gari na maji ya betri visikaribie kidonda. Kigaga kisibanduliwe, kwani chini yake ngozi mpya inajaribu kuota. Uvimbe usitobolewe kwa wembe wala sindano: usaha wa simbilisi ni mzito na hautiririki, na mguu wake umejaa mishipa midogo iliyo karibu sana na mifupa. Dawa za binadamu za maumivu zisitolewe kwa kukisia. Hata dawa ya kupulizia kidonda, ile ya rangi ya buluu au zambarau inayotumiwa kwa ng'ombe, isitumike kabla ya kumwuliza daktari, kwa sababu simbilisi hulamba miguu yake na dawa huishia tumboni.

Sindano inayoua

Hili ndilo jambo ambalo kila mkazi anayefuga simbilisi anapaswa kulijua hata kama atasahau mengine yote. Penisilini na jamaa zake, kama vile ampisilini na amoksilini, zinaweza kumuua simbilisi. Vivyo hivyo klindamaisini, linkomaisini na erithromaisini. Streptomaisini, ambayo mara nyingi huuzwa ikiwa imechanganywa na penisilini katika chupa moja, ni sumu kwake moja kwa moja.

Sababu iko tumboni. Simbilisi humeng'enya nyasi kwa msaada wa bakteria wema wanaoishi katika utumbo wake. Dawa hizi huwaua bakteria hao na kuwaacha wachache wabaya, hasa wa jamii ya Clostridium, ambao huongezeka upesi na kutoa sumu. Mnyama huacha kula, huharisha, mwili hupoa, na kwa kawaida hufa ndani ya siku moja hadi tano. Dawa hiyohiyo ingemponya mbuzi.

Kwa hiyo mkazi anayekwenda agroveti asiseme tu kuwa ana mnyama mwenye kidonda. Ataje kuwa ni simbilisi. Kama muuzaji hajui dawa gani ni salama kwa simbilisi, asinunue. Na dawa ya antibiotiki iliyobaki nyumbani baada ya kumtibu ng'ombe, kuku au mtoto isitumike hata tone moja.

Wakati wa kumwita daktari

Daktari wa mifugo aitwe mara moja iwapo kuna jeraha lililofunguka, damu, usaha, uvimbe wa vidole, au mnyama hataki kusimama. Aitwe siku hiyohiyo iwapo mnyama ameacha kula. Simbilisi hawezi kukaa na njaa kama mbwa. Akikosa kula kwa nusu siku hadi siku moja, utumbo wake husimama, na hilo humuua kabla ya kidonda.

Daktari husafisha kidonda kwa dawa hafifu ya ayodini au klorheksidini, hufunga bandeji laini inayobadilishwa mara kwa mara, hutoa dawa ya maumivu kwa kipimo cha uzito wa mnyama, na huchagua antibiotiki iliyo salama kwa simbilisi pale inapohitajika. Pale penye kifaa, anaweza kupiga picha ya eksrei ili kujua kama mfupa umeshambuliwa. Mfugaji ajitayarishe kuwa na subira. Kidonda cha unyayo hupona kwa wiki nyingi na wakati mwingine kwa miezi, na bandeji iliyolowa ni mbaya kuliko kutokuwa na bandeji.

Liko pia swali ambalo familia nyingi huona haya kuliuliza: ada ya daktari inaweza kuzidi bei ya mnyama mwenyewe. Ni swali la haki, na daktari aelezwe waziwazi bajeti iliyopo kabla ya kuanza. Kwa mnyama aliyefika hatua ya nne, akiwa na maumivu yasiyotulizwa, daktari anaweza kushauri alazwe usingizi wa mwisho bila uchungu. Kumwacha pembeni afe polepole si njia ya kuokoa fedha. Sheria ya Kuzuia Ukatili dhidi ya Wanyama, Sura ya 360 ya Sheria za Kenya, inahesabu kuwa kosa kumletea mnyama mateso yasiyo ya lazima, hata kwa kuacha kufanya linalopaswa kufanywa.

Mtoto mwenye mnyama huyo ashirikishwe pia. Akiambiwa ukweli kwa maneno mepesi, atajifunza kutunza atakayefuata.

Na sungura je?

Sungura naye hupata vidonda vya miguu, ila mwili wake una tofauti. Chini ya miguu yake kuna manyoya mazito badala ya ngozi tupu, na vidonda hutokea zaidi kwenye miguu ya nyuma, chini ya kisigino. Sungura wa aina kubwa na nzito, na wale wa aina ya Rex ambao manyoya yao ya miguuni ni mafupi, huathirika zaidi. Mfugaji wa sungura anayetumia wavu anashauriwa kuweka ubao wa kupumzikia ndani ya kila chumba, wenye nafasi ya kutosha sungura kujilaza, na kuusafisha kila siku. Penisilini na amoksilini za kunywa ni hatari kwa sungura pia.

Simbilisi na sungura wasiwekwe kizimba kimoja, ingawa watoto hupenda kuwaona pamoja. Teke la sungura linaweza kumvunja simbilisi mbavu. Sungura pia huweza kubeba bakteria waitwao Bordetella bila kuugua, na bakteria hao humletea simbilisi nimonia. Zaidi ya hayo, chakula cha mmoja hakimtoshi mwingine.

Usafi wa mtunzaji

Bakteria wa vidonda hivi wanaweza kuingia katika jeraha la mtu. Anayesafisha kidonda avae glavu, au anawe mikono kwa sabuni kabla na baada. Mtoto mwenye mchubuko mikononi amwachie mtu mzima kazi hiyo. Maji yaliyotumika yamwagwe mbali na jikoni, na bandeji chafu zichomwe au zifukiwe.

Huduma katika kaunti

Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti jukumu la huduma za mifugo, udhibiti wa magonjwa ya wanyama na ustawi wao. Jukumu hilo linamhusu mwenye simbilisi mmoja kama linavyomhusu mwenye ng'ombe ishirini. Mkazi aanzie kwa afisa wa mifugo wa wadi yake, ambaye anaweza kumtibu mnyama au kumwelekeza kwa daktari aliye karibu. Chifu na msimamizi wa wadi wanaweza kueleza anakopatikana.

Kwa anayetumia daktari wa kibinafsi, sheria ya mwaka 2011 inayosimamia madaktari wa mifugo na wasaidizi wao inawataka wote wawe wamesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya. Mkazi ana haki ya kuomba kuonyeshwa cheti kabla ya mnyama kuguswa.

Anapopiga simu au kufika ofisini, ajitayarishe kujibu maswali manne: mnyama ana uzito gani, anakaa juu ya sakafu ya aina gani, anakula nini kila siku, na amekwisha kupewa dawa gani. Picha ya unyayo iliyopigwa kwa simu mchana, penye mwanga wa kutosha, itamsaidia afisa kuamua kama mnyama anaweza kusubiri hadi kesho.

Na Jumamosi ijayo, wakati wa kufagia kizimba, kila simbilisi ageuzwe na nyayo zote nne zitazamwe. Kwa wanyama wawili kazi hiyo haizidi dakika mbili.